Treni Ulaya na watoto: Panga kwa mwili wa mtoto kwanza, ramani baadaye

Ramani ya reli za Ulaya ikifunguliwa kwenye simu usiku, watoto wakiwa wamelala, kila mji huonekana uko jirani. Kutoka Zürich hadi Milano ni urefu wa kidole. Kutoka Milano hadi pwani ya Italia ni nusu ya hapo. Ufaransa nayo iko pembeni tu. Hata saa sita usiku haijafika, familia imeshapanga miji minane na bado inajiuliza kama Paris inaweza kuingia.

Mambo hubadilika siku ya nne ya safari yenyewe. Mtoto mdogo amelala chini jukwaani na hataki kuamka. Bibi ameshika goti. Baba ana mabegi matatu, mama anatafuta namba ya behewa, na treni itasimama dakika mbili tu.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, safari ya namna hii hutokea mara moja. Huenda kuna ndugu anayeishi Uswisi, Ujerumani au Uholanzi aliyetuma mwaliko, au wazazi wameweka akiba kwa miaka. Pesa ikishalipwa, ni vigumu kubadilisha chochote njiani. Kwa hiyo makosa mengi ya safari hufanyika nyumbani, mezani, siku ya kupanga.

Chukua mfano wa familia ya watu watano kutoka Dar es Salaam: baba, mama, bibi mwenye umri wa miaka 67, mtoto wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka mitatu. Mama mdogo wa watoto hao anaishi Zürich na amewaalika likizo ya Juni. Mtoto wa miaka tisa ana selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Wana siku 14 na wanataka vitu vitatu: milima yenye theluji, pwani, na mashamba ya mizabibu.

Mpango wao wa kwanza ulikuwa hivi: Zürich, Jungfraujoch, Zermatt, Milano, Cinque Terre, Nice, Beaune na Paris. Kwenye karatasi unavutia. Kwa watoto hawa wawili na bibi yao, unahitaji kukatwa.

Hesabu tatu kabla ya kutafuta tiketi

Hesabu ya kwanza ni muda wa kukaa kwenye treni. Mtoto wa miaka mitatu huweza kufurahia treni kwa muda wa saa tatu au nne kwa siku akipata chakula, usingizi na nafasi ya kutembea. Zaidi ya hapo huwa ni kazi kwa mtoto na kwa mzazi pia. Siku ndefu inaweza kuwapo, lakini iwe moja au mbili kwa safari nzima, na igawanywe kwa mapumziko marefu ya chakula cha mchana.

Hesabu ya pili ni idadi ya vitanda. Kila mahali papya pa kulala humaanisha kufunga mabegi, kutafuta mlango, kuzoea chumba na kupoteza nusu siku. Kwa siku 14, vituo vinne au vitano vinatosha.

Hesabu ya tatu ni miinuko na ngazi. Hii ndiyo husahaulika zaidi, kwa sababu ramani ya simu huonyesha umbali na kuficha kimo.

Kuna habari njema pia. Majira ya joto, saa za Uswisi, Italia na Ufaransa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, hivyo mwili hauchanganyikiwi kama unavyochanganyikiwa ukienda Marekani. Tatizo la Juni ni mwanga. Jua la Zürich huzama baada ya saa tatu usiku, na mtoto aliyezoea giza la saa moja hataelewa kwa nini anaambiwa alale wakati nje ni mchana. Chumba chenye mapazia mazito, au kitenge kilichobanwa dirishani, huokoa usiku mzima.

Milimani: Lala chini, pita juu

Jungfraujoch ni kituo cha treni kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Kilifunguliwa mwaka 1912 na kiko mita 3,454 kutoka usawa wa bahari. Kwa anayeujua Mlima Kilimanjaro, hapo ni juu ya kambi ya Mandara, na si mbali sana na Horombo. Tofauti ni kwamba mpanda Kilimanjaro hufika huko kwa siku mbili akitembea, wakati abiria wa treni hufika asubuhi moja akiwa amekaa.

Kuanzia takriban mita 2,500, hewa yenye oksijeni pungufu huweza kuleta kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Mtu mzima husema anajisikia vibaya. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Yeye hulia bila sababu, hukataa kula, au hunyamaza kuliko kawaida yake. Dawa ya kwanza ni kushuka mara moja.

Kwa mtoto mwenye selimundu, jambo hili ni zito zaidi. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu hubadilika umbo na kuziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali huanza. Baridi na upungufu wa maji mwilini huongeza hatari hiyohiyo, na mlimani vyote vitatu hukutana. Hata mwenye vinasaba vya selimundu bila kuugua anaweza kupata madhara ya bandama akipanda juu sana. Mzazi asiyejua hali ya mtoto wake ana sababu nzuri ya kumpima kabla ya kununua tiketi ya kilele chochote.

Je, familia hiyo ikose theluji? Hapana. Ibadilishe njia.

Treni ya Bernina hutoka Chur, mashariki mwa Uswisi, hadi Tirano nchini Italia kwa muda wa saa nne hivi. Njia yake imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Ina mahandaki 55 na madaraja 196, likiwamo daraja la Landwasser lenye kimo cha mita 65 ambalo treni hulivuka ikipinda na kuingia moja kwa moja kwenye mwamba. Juu kabisa, Ospizio Bernina, ni mita 2,253. Huko abiria huona barafu za milimani na ziwa la Lago Bianco kutoka kwenye kiti chake, kisha treni hushuka zaidi ya mita 1,800 hadi Tirano yenye joto.

Kimo hicho cha juu kinakaribiana na hali ya ndani ya ndege. Hewa ya kwenye ndege za abiria hurekebishwa iwe sawa na kimo kisichozidi takriban mita 2,400. Kwa maana hiyo, daktari anayemruhusu mtoto wa selimundu kupanda ndege kutoka Dar es Salaam hadi Zürich anaweza kuulizwa swali hilohilo kuhusu Bernina katika kliniki ileile. Neno la mwisho ni lake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kiwango cha damu cha mtoto na lini mara ya mwisho alilazwa.

Kinachobaki ni mahali pa kulala. Wageni wengi hulala St. Moritz, ambayo iko takriban mita 1,800. Kwa familia hii, Chur inafaa zaidi, kwa kuwa iko chini ya mita 600. Kutoka Chur, treni ndogo hupita kwenye korongo la mto Rhine lenye kuta nyeupe hadi Ilanz. Upande mwingine, safari fupi tu, kuna Maienfeld, mji ambao Johanna Spyri aliuweka kwenye hadithi yake ya Heidi, na watoto hutembezwa kwenye nyumba iliyopangwa kama ya hadithini. Usiku wote hulala chini, na mlima hupitwa mchana.

Masikio yatabana wakati wa kushuka. Mtoto mkubwa apewe kitu cha kutafuna na mdogo anywe maji kidogokidogo. Miwani ya jua ni ya watoto wote, weusi kwa weupe, kwa sababu theluji hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua machoni.

Pwani: Kijiji kizuri chenye ngazi 382

Cinque Terre ni vijiji vitano vya pwani ya Liguria: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Treni ndogo hupita kati ya miji ya Levanto na La Spezia, ikisimama kila kijiji, na kutoka kimoja hadi kingine ni dakika chache. Picha zake za nyumba za rangi juu ya mwamba zimejaa mitandaoni.

Picha hizo hazionyeshi ngazi. Kutoka kituo cha treni cha Corniglia hadi kijijini ni zaidi ya ngazi 380. Lipo basi dogo, lakini wakati wa wageni wengi hujaa. Vijiji vingine navyo ni vya mteremko, na nyumba nyingi za kulala wageni huwa juu ya ngazi nyembamba zisizo na lifti. Kigari cha mtoto huko ni mzigo. Mbeleko au kanga imara itafanya kazi bora, na mikono ya mzazi itabaki huru kushika ukuta.

Kwa familia yenye bibi wa magoti mabovu, suluhisho ni kulala Levanto. Si miongoni mwa vijiji vitano, lakini ni kituo kinachofuata baada ya Monterosso. Mji wake ni tambarare na una ufukwe wa mchanga. Zaidi ya hayo, reli ya zamani iliyokuwa ikipita hapo imegeuzwa njia ya miguu na baiskeli kuelekea Bonassola na Framura. Njia hupita ndani ya mahandaki yaleyale ya treni, ni tambarare, na ndani kuna ubaridi hata jua likiwa kali. Bibi anaweza kutembea na mjukuu wake mdogo mkono kwa mkono wakati wengine wamekwenda Vernazza kwa nusu siku.

Maji ya bahari ya huko mwezi Juni si ya Bagamoyo. Ni ya baridi kuliko tulivyozoea, na kuingia ghafla kwenye maji ya baridi kunaweza kumwanzishia maumivu mtoto wa selimundu. Achezee mchangani, aingie maji yakiwa yamepata jua la mchana, asikae muda mrefu, na nguo iliyolowa ivuliwe mara atokapo.

Jambo la mwisho la pwani ni chakula. Migahawa mingi ya Italia hufungua jikoni jioni kuanzia saa moja au saa moja na nusu usiku. Mtoto aliyezoea kula mapema atakuwa ameshalia. Nyumba yenye jiko dogo, mchele na maharage ya kopo kutoka dukani humaliza ugomvi huo. Uswisi nako maduka mengi hufungwa Jumapili, isipokuwa yale ya kwenye vituo vikubwa vya treni.

Mizabibu bila mtu kulewa

Hapa ndipo mpango wa kwanza ulipozidi. Beaune, katika eneo la Bourgogne nchini Ufaransa, ina mvuto wake, hasa hospitali ya Hospices de Beaune iliyoanzishwa mwaka 1443 kwa ajili ya maskini na kuendeshwa kwa karne nyingi kwa mapato ya mashamba yake ya mizabibu. Ila kutoka Levanto kupitia Nice hadi Beaune ni siku mbili za treni ndefu. Mwenye wiki tatu aende. Mwenye siku 14 na mtoto wa miaka mitatu anaweza kupata mizabibu kwingine.

Kwingine huko ni Lavaux, kando ya Ziwa Geneva nchini Uswisi. Kutoka Milano, treni hupita kwenye handaki la Simplon, lililofunguliwa mwaka 1906 na lenye urefu wa karibu kilomita 20, kisha hufuata bonde la mto Rhône hadi ziwani. Milano hadi Montreux ni muda wa saa tatu hivi. Mashamba ya Lavaux yamejengwa kwa ngazi za mawe kwenye mteremko wa takriban kilomita 30, kuanzia karibu na ngome ya Chillon hadi ukingoni mwa Lausanne. Watawa walianza kuyajenga karne ya 11, na UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake mwaka 2007.

Familia ikilala Vevey, treni ndogo hupanda kutoka mjini hadi Puidoux katikati ya mizabibu. Wanaweza kushuka juu na kutembea kuteremka kwa kadiri miguu ya mdogo inavyoruhusu, kwa kuwa vituo vya treni viko kila baada ya mwendo mfupi chini ziwani. Mwezi Juni zabibu bado ni mbichi na ndogo. Watoto wasichume wala kuonja majani, kwani mashamba hunyunyiziwa dawa za ukungu.

Kuhusu mvinyo wenyewe, kila nyumba ina msimamo wake, na familia isiyokunywa haitapoteza chochote Lavaux. Mandhari, ziwa na juisi ya zabibu ni vya wote. Kwa wanaokunywa, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa ni salama kwa afya. Mjamzito asionje hata kidogo. Pia ni busara angalau mtu mzima mmoja abaki bila kunywa siku nzima, kwa sababu ndiye atakayehesabu watoto jukwaani jioni.

Na Ufaransa? Kutoka Lausanne, boti huvuka ziwa hadi Évian kwa muda wa nusu saa na kidogo. Ni mji wa Ufaransa uliopata jina kwa maji yake, na kwenye chemchemi ya Cachat watu hujaza chupa bure. Hivyo nchi ya tatu hupatikana kwa siku moja, bila kufunga begi. Pasipoti zisiachwe hotelini.

Tiketi: Hesabu siku za kusafiri

Ukihesabu mpango mpya, siku za safari ndefu ni tano tu: Zürich–Chur, Chur–Tirano, Tirano–Levanto, Levanto–Vevey, na Vevey–Zürich. Hesabu hiyo ndiyo huamua tiketi.

Wasio wakazi wa Ulaya hutumia pasi ya Eurail, na wakazi wa Ulaya hutumia Interrail. Iko aina ya siku tano za kusafiri ndani ya mwezi mmoja. Mtu mzima mmoja anaweza kuongozana na watoto wawili wa miaka minne hadi 11 kwa pasi za bure, ambazo lazima ziombwe pamoja na yake. Chini ya miaka minne hahitaji pasi. Wenye miaka 60 na zaidi hupata punguzo. Kabla ya kulipa, linganisha na bei ya tiketi za kawaida zinazonunuliwa mapema, kwa sababu treni za kawaida za Italia ni nafuu na wakati mwingine pasi huwa ghali kuliko faida yake.

Mtego uko kwenye viti. Treni ya watalii ya Bernina Express, yenye madirisha makubwa, hudai malipo ya kuhifadhi kiti hata kwa mwenye pasi, na nafasi za Juni huisha mapema. Treni za kawaida za kampuni hiyohiyo hupita reli ileile bila malipo ya kiti, kwa kubadilisha treni njiani eneo la St. Moritz, na mara nyingi madirisha yake hufunguka. Treni za Milano kwenda Uswisi nazo huhitaji kuhifadhi kiti.

Aliyekaa na viti ambavyo havijapangwa pamoja atawasafirisha watoto kwenye mabehewa tofauti. Viti vya familia vihifadhiwe pamoja. Kwenye treni kubwa za ghorofa za Uswisi, ulizia behewa la familia, ambalo juu yake lina sehemu ya watoto kuchezea.

Viza na bima

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, hivyo viza moja inatosha kwa nchi zote tatu. Maombi hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mpango huu una usiku tisa Uswisi na mitano Italia, kwa hiyo maombi ni ya Uswisi. Wanaobadilisha mpango baadaye wahesabu upya.

Tangu Juni 2024, ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi 11. Chini ya miaka sita halipi ada hiyo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake.

Bima ya viza lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Hapa wazazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu wasome maandishi madogo. Bima nyingi za bei ya chini haziwajibiki kwa maradhi yaliyokuwapo kabla ya safari. Ukiwa na mtoto wa selimundu, pumu au kifafa, bima kama hiyo itakupa viza na kukuacha na bili ya hospitali. Uliza kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi.

Homa: Taja malaria

Dawa za kila siku zibebwe kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na akiba ya siku kadhaa na barua ya daktari ya Kiingereza inayotaja ugonjwa, dawa na vipimo. Mtoto wa selimundu awe na chupa yake ya maji muda wote. Maji ya bomba katika nchi hizo tatu ni salama, isipokuwa bomba lenye maandishi ya kukataza na yale ya chooni kwenye treni.

Homa kwa mtoto wa selimundu haisubiri asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja, kama ingekuwa nyumbani.

Liko jambo lingine ambalo mzazi kutoka Afrika Mashariki lazima aliseme mwenyewe. Mtoto yeyote akipata homa akiwa Ulaya, mwambie daktari siku hiyohiyo kwamba mmetoka nchi yenye malaria na taja tarehe mliyoondoka. Mtoto aliyeumwa na mbu Dar es Salaam anaweza kuugua wiki moja au mbili baadaye akiwa Vevey, na daktari ambaye haoni malaria mara kwa mara anaweza kufikiria mafua kwanza. Kipimo kiombwe.

Namba ya dharura 112 hufanya kazi Uswisi, Italia na Ufaransa. Kwa gari la wagonjwa moja kwa moja, ni 144 Uswisi, 118 Italia na 15 Ufaransa. Ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huishiwa chaji.

Ndani ya treni

Watoto wa miaka miwili hadi 12 ndio husumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari, na Bernina ina kona nyingi. Mtoto akae akitazama mbele, aangalie mbali nje ya dirisha, na simu au katuni zisubiri. Chakula kiwe chepesi kabla ya kuondoka. Dawa za kuzuia kutapika zisinunuliwe kwa kukisia. Muulize mfamasia au daktari kulingana na umri na uzito wa mtoto.

Saa za ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Treni ya 14:35 ni ya saa nane na dakika 35 mchana. Kila safari iandikwe kwa mitindo yote miwili ili bibi naye awe na ratiba anayoielewa.

Mabegi yawe moja kwa kila mtu mzima, analoweza kulinyanyua peke yake, kwa sababu hakuna mpagazi. Wekeni pia sheria ya mlango: mtu mzima mmoja hushuka kwanza, mmoja hushuka mwisho, watoto katikati. Mtoto akibaki ndani mlango ukafungwa, ashuke kituo kinachofuata na asimame hapohapo. Akibaki jukwaani, asiondoke aliposimama. Mfukoni awe na kadi yenye namba mbili za simu na jina la ugonjwa wake.

Jaribuni nyumbani kwanza

Kabla ya kulipa chochote kisichorudishwa, familia inaweza kufanya jaribio la bei ndogo. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme ya SGR hutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Kenya wanayo ya Nairobi hadi Mombasa tangu mwaka 2017. Wabebe mabegi yaleyale, chakula kilekile, sheria ileile ya mlango. Dodoma na kurudi itaonyesha mdogo huanza kuchoka saa ngapi, bibi anahitaji kusimama mara ngapi, na ni nani anayetapika akitazama simu.

Baada ya hapo, mpango wa siku 14 wa familia hii husomeka hivi: Zürich kwa mama mdogo usiku mbili, Chur tatu, Tirano mmoja, Levanto minne, Vevey mitatu, na Zürich mmoja kabla ya ndege. Siku ndefu ni mbili, ya kwenda Levanto na ya kutoka Levanto, na zote zina mapumziko marefu Milano. Jungfraujoch, Zermatt, Nice, Beaune na Paris zimefutwa.

Mtoto wa miaka tisa aelezwe mapema kwa nini hapandi kile kilele cha kwenye picha, kwa maneno ya kweli na bila kumtisha. Apewe kazi yake pia: kuhesabu mahandaki 55 ya Bernina, na kumkumbusha kila mtu kunywa maji kila linapofika la tano.